Samaki Aliyeuzwa Kabla ya Kuvuliwa

Bondo la sangara halina uzuri wowote linapotoka tumboni. Ni kifuko cheupe chenye utelezi, kile ambacho samaki hukijaza hewa ili aelee katika kina anachotaka. Mchuuzi hulipasua, hulichuna utando na damu, huliosha, halafu hulitandaza juu ya wavu likauke. Likishapigwa na jua la kutosha huwa gumu na kugeuka rangi ya njano, na hapo ndipo mnunuzi hulishika kwa vidole viwili na kuliinua kwenye mwanga atafute doa. Likiwa kubwa, nene na safi, kilo moja huuzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Nyama ya samaki yule yule haikaribii bei hiyo hata kidogo.

Mwisho wa safari ya bondo ni Hong Kong na China bara, ambako hupikwa supu ya heshima ya kuandaliwa wageni kwenye harusi na sikukuu. Vijiweni Mwanza yamesemwa mengi kuhusu bondo: kwamba hutoa nyuzi za kushonea vidonda, kwamba ni gundi, kwamba ni dawa ya nguvu. Wanaolinunua hapo mwaloni hawajawahi kuionja supu yenyewe wala hawana haja nayo. Inatosha kujua kwamba kuna mtu huko mbali anaitaka.

Mwandishi wa makala haya aliingia kwenye mambo ya Ziwa Victoria kupitia daftari. Alikuwa kijana wa Kirumba, Mwanza, amemaliza kidato cha nne na hana ada ya kuendelea, miaka ya 1990 inaelekea ukingoni, pale baba yake mdogo alipompeleka kwa tajiri mmoja mwenye mitumbwi kwenye kisiwa cha wilaya ya Ukerewe. Tajiri, Mjita wa makamo mwenye maneno machache, hakuuliza cheti. Alimpa kalamu, akamwambia ajumlishe safu ya tarakimu, akaifuatilia kwa kidole mpaka chini, kisha akasema: “Mwanangu, hapa kazi yako ni moja. Samaki akipanda mzani, mwandike. Mtu akichukua kitu, mwandike.” Tangu asubuhi hiyo aliitwa Karani, na jina la nyumbani halikutumika tena kambini.

Mzani ulining’inia kwenye boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili, hatua chache kutoka majini. Mitumbwi ilirudi alfajiri, samaki wakapitishwa ndoano ya mzani mmoja mmoja au kwa mafungu, na wakala aliyekuja na boti ya barafu kutoka Mwanza akasoma kilo kwa sauti. Kila mara alikata kidogo. Kilo moja hapa, mbili pale, kwa jina la “maji”. Hakuna aliyeeleza maji hayo yalikuwa yapi, na hakuna aliyeuliza mara mbili, kwa sababu boti ya barafu ilikuwa ile ile moja.

Daftari lilikuwa na upande wa mavuno na upande wa madeni. Upande wa pili ulijaa haraka zaidi: petroli, unga, sigara, betri za tochi, dawa ya malaria, nauli ya kwenda msibani Musoma. Hesabu ilipofungwa, gharama zilitolewa kwanza, kilichobaki kikagawanywa kati ya tajiri na wavuvi wake, na katika fungu la kila mvuvi yakakatwa madeni yake. Wapo walioondoka mezani na noti mbili tatu. Wapo walioondoka na deni kubwa kuliko la mwanzo.

Mtu wa nje angesema tajiri ananyonya, na asingekosea. Ila tajiri naye alikuwa na ukurasa wake katika daftari la mtu mwingine. Nyavu na injini alikuwa amekopeshwa na wakala, kwa sharti kwamba samaki wake wote atamuuzia yeye, kwa bei yake. Wakala alikuwa amechukua fedha kiwandani, na kiwanda kilikuwa kimeahidi minofu kwa mnunuzi wa Ulaya. Samaki aliyekuwa bado anaogelea upande wa pili wa kisiwa alikwisha kuuzwa mara nne. Wazee wa kambi walipenda kusema kwamba tamaa ndiyo inayomponza mvuvi, kana kwamba tamaa huzaliwa ndani ya kifua cha mtu na kuishia humo. Karani, aliyekuwa akiandika kila siku nani anadaiwa nini, aliona imesambaa kuliko hivyo. Haja ya mmoja ilikuwa imewekwa rehani kwa haja ya mwingine, kutoka kisiwani hadi bandari ya ng’ambo, na aliye chini kabisa ndiye aliyeonekana mlafi, kwa kuwa ndiye aliyelowa.

Hata sangara mwenyewe yumo ziwani kwa sababu kuna watu walimtamani. Alipandikizwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, enzi za Waingereza, na asili yake ni maji ya huko kwingine, kama Ziwa Albert. Maofisa wa wakati ule waliwaona furu, wale samaki wadogo wenye miiba waliojaa ziwani, kuwa ni mali isiyo na faida. Wakataka samaki mkubwa awale furu na kuwageuza kuwa minofu. Wengine walitaka samaki wa kuvuliwa kwa mchezo, apigane vizuri na ndoano. Mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akipinga, akieleza kuwa samaki mlaji wa namna hiyo angeweza kuvuruga ziwa zima. Hakusikilizwa.

Kwa muda mambo yalikuwa kimya. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden walipoanza kazi katika ghuba ya Mwanza mwaka 1977, furu walikuwa bado wengi kiasi kwamba Mwanza kulikuwa na kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara walifumuka. Watafiti wale, waliokuja kuhesabu aina za furu, wakajikuta wakiandika zinavyotoweka. Ziwa zima linakadiriwa kuwa lilikuwa na aina zaidi ya 500, na takriban 200 zilihofiwa kupotea kabisa. Tangu miaka ya 1990, sangara wakubwa walipopungua kwa kuvuliwa, baadhi ya furu wameanza kurudi.

Katika mipango yote hiyo hakuna aliyewauliza waliokuwa wakila furu. Wazee wa Ukerewe walimsimulia Karani kwamba sangara alipotokea kwa mara ya kwanza watu hawakumpenda: mafuta mengi, hakauki juani, anataka kuni za kumbanika, na harufu yake si ya samaki waliyemzoea. Kisha, miaka ya 1990 mwanzoni, viwanda vya minofu vikaota Mwanza kimoja baada ya kingine, na ndani ya muda mfupi samaki aliyekataliwa akawa ghali kwa wale wale waliomkataa. Ladha ya watu haikutangulia bei, iliifuata nyuma.

Aprili 1999 boti ya barafu haikuja.

Mwishoni mwa 1997 Ulaya ilikuwa imekwisha kuwekea vikwazo samaki wa ukanda huu kwa ajili ya kipindupindu. Safari hii sababu ilikuwa sumu. Kulikuwa na wavuvi, katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa, waliokuwa wakimwaga dawa majini na kuokota samaki wanaoelea. Dawa iliyotajwa zaidi ilikuwa thiodan, ambayo kila mkulima wa pamba Usukumani aliijua, kwa kuwa ndiyo aliyonyunyizia shambani kuua wadudu. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, aliyetumia sumu na asiyetumia.

Bei ilianguka kwa siku chache. Sangara wa ukubwa wa mtoto wa darasa la pili, ambaye wiki iliyotangulia asingeguswa na mtu wa kambini ila kwa kisu cha kumpasulia kiwanda, alipikwa kwa ugali mpaka watu wakamchoka. Waliobaki walipigwa chumvi na kukaushwa wawe kayabo, wakapelekwa Mwaloni Kirumba kutafuta wanunuzi wa Kongo. Vijana wengine waliaga wakaenda machimbo ya Geita. Madeni hayakuaga, Karani aliendelea kuyahamisha kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Kilichomshangaza ni mkutano. Sheria ya Uvuvi ya 1970 ilikuwepo siku zote, na uvuvi wa sumu ulikuwa haramu siku zote. Kambini hakuna aliyekuwa ameisoma, na ofisa wa uvuvi alipofika alipewa samaki wa kitoweo akaondoka. Sasa, bila ofisa, wavuvi wenyewe walikusanyika chini ya mti na kukubaliana kwamba atakayeonekana na dawa atafukuzwa kisiwani, na mtumbwi wake utavutwa nchi kavu. Walipeana zamu za kuangalia. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali, ambavyo kila mtu anaviita BMU, vilikuwa vimeanza kuundwa miaka hiyo hiyo kwa maelekezo ya serikali, lakini kambi ile ilikuwa na chake kabla ya kupewa muhuri.

Soko lilipofunguliwa tena mwaka 2000, masharti yalikuja pamoja na fedha. Mialo iliyoteuliwa ilijengewa sakafu za saruji, mabanda na vyoo. Wakaguzi walipima joto la samaki, wakauliza barafu imetoka wapi. Kwa muda mfupi mnunuzi aliyeko mbali alibadili mwenendo wa ufukwe kuliko sheria iliyokaa kabatini miaka 30. Lakini mnunuzi huyo aliangalia tumbo lake. Masharti yalisema mengi kuhusu vyoo, sakafu na barafu. Kuhusu kilo ya “maji” hayakusema neno, na wakala aliendelea kuikata, safari hii akiwa juu ya saruji.

Miaka michache baadaye ziwa likawa sinema. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin’s Nightmare, ilitoka mwaka 2004, na mwaka 2006 ikawamo katika orodha ya kuwania Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwa kuipaka nchi matope, na Mwanza watu waliandamana kuipinga. Kilichowachoma wengi zaidi ni mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, baada ya kiwanda kuondoa minofu. Filamu iliyaonyesha kama alama ya unyonge: Ulaya inakula nyama, mwenye ziwa anakula mfupa. Shangazi yake mwandishi, aliyekuwa akikaanga mapanki na kuyauza Igogo, alichukia. Hakubisha kwamba minofu inakwenda kwa wengine, maana aliona malori. Alichokataa ni kuhurumiwa. Mapanki yalikuwa yanamlipia ada watoto wake wawili, na alikuwa na wateja wanaochagua, wanaodai kichwa chenye nyama shingoni na kukataa kilichokaa sana kwenye mafuta. Aliyeshika kamera alikuwa ameona njaa, hakuona biashara.

Jambo jingine ambalo watu wa mjini wamekuwa na uhakika nalo tangu zamani ni kwamba mvuvi hajui kutunza fedha. Anapata leo, anamaliza leo. Kisiwani palikuwa na ushahidi wa kutosha: siku ya mgao kilabu kilijaa, redio ilifunguliwa mpaka mwisho, na kijana aliyelipwa asubuhi alikopa sigara jioni.

Karani aliishi nao, kwa hiyo alijua na upande wa pili. Kisiwani hapakuwa na benki, na ya karibu ilihitaji safari ya boti na siku nzima bila kuvua. Nyumba zilikuwa za nyasi na makaratasi ya plastiki. Majambazi wa ziwani walivamia kambi usiku kutafuta injini na fedha, na aliyesemekana kuwa na akiba ndiye aliyepigwa. Zaidi ya hayo kulikuwa na maji yenyewe. Mtu akizama, fedha alizochimbia chini ya kitanda hazimfikii mama yake Bunda. Kuzitumia siku hiyo hiyo, na marafiki ambao kesho watakuvuta ukianguka majini, hakukuwa upumbavu mtupu.

Wale waliotaka kuweka waliweka kwa mama mwenye hoteli. Alikuwa mjane wa Kikerewe, anapika chai na maandazi asubuhi, wali na sato mchana, na chini ya meza yake lilikuwepo kopo la mafuta ya Kimbo lenye fedha za vijana kadhaa. Hakujua kuandika sana. Kila mmoja alikuwa na uzi wake wa wavu uliofungwa mafundo, na kila fundo lilikuwa na thamani ambayo yeye na mwenye fedha waliielewa. Kijana akija usiku amelewa kudai akiba yake, mama alimjibu, “Nenda kalale, mwanangu, kesho ukiamka na akili yako nitakupa.” Hakutoza kitu, isipokuwa ilieleweka kwamba chakula utakula kwake.

Mwaka 2008 huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Mnara ulipofika, kibanda cha wakala wa fedha kilisimama hatua chache kutoka mzani. Vijana wale wale waliosemwa hawana akili ya akiba wakaanza kutuma nyumbani kabla hawajabadili nguo. Tabia iliyokuwa ikihubiriwa misikitini na makanisani kwa miaka ilibadilika kwa wengi kwa sababu ya kitu kidogo tu: mahali pa kuweka. Simu hiyo hiyo haikuchelewa kuleta mkeka wa kubashiri. Sasa mvuvi anaweza kutuma laki nyumbani na kupoteza elfu ishirini kwenye mechi za Uingereza bila kunyanyuka alipokaa, na kampuni za kubashiri zina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na zinalipa kodi. Tamaa iliyochezwa kwa karata nyuma ya kilabu ilikuwa kosa. Iliyopita kwenye simu ni mapato ya serikali.

Kiu hiyo ya kuweka fedha zizae ndiyo pia waliyoichota watu wa DECI, mchezo wa upatu. Waliwaambia watu “wapande mbegu” na “wavune” zaidi ya walichopanda, mpaka serikali ilipousimamisha mchezo huo mwaka 2009 na viongozi wake kufikishwa mahakamani Dar es Salaam. Baada ya hapo ilisemwa sana kwamba Watanzania wana tamaa ya utajiri wa haraka. Wengi waliopanda huko walikuwa watu ambao hakuna benki iliyowahi kuwaita wateja.

Wanawake wa kambini walikuwa na daftari ambalo Karani hakulishika. Kwa desturi ya sehemu nyingi za mwambao huu mwanamke haingii mtumbwini kuvua. Ni mwiko, na wavuvi wanaweza kuacha safari kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mwanamke anayetaka kuishi kwa samaki lazima anunue, na samaki wakiwa wengi hiyo si taabu. Wakipungua, kinachohitajika si fedha peke yake, ni mtu wa kukutengea. Kijana atakayempa fungu lake la dagaa au sangara wadogo yule mama na si huyu, naye atataka kitu zaidi ya bei.

Upande wa Kenya, mwambao wa Nyanza, mpango huo unaitwa jaboya na umeandikwa sana, kwa kuwa ulibeba Ukimwi kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Upande wa Tanzania ulikuwa na majina ya kificho na kunyamaziana kwingi. Sheria haina pa kuushika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, katika kifungu cha 25, inamfikia mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi au upendeleo. Mvuvi wa miaka 20 mwenye kaptula iliyochanika, anayedaiwa unga na petroli, ana mamlaka gani? Ana ndoo ya samaki tu. Alfajiri ile, mbele ya mama mwenye watoto wanne, ndoo hiyo inatosha.

Wanawake wa ufuko wa Nduru, Kenya, walijaribu kuupindua mpango huo kwa njia ambayo hakimu asingeifikiria: walitafuta mitumbwi yao. Kuanzia mwaka 2011, kwa msaada wa wafadhili, baadhi yao wakawa matajiri wa mitumbwi na kuajiri wanaume wawavulie. Mwenye chombo haombi kutengewa. Jaribio lilienda kwa kuyumba. Mitumbwi ilichakaa, na mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda kupita kiasi yaliwafurusha watu wa Nduru kutoka makwao. Hata hivyo walikuwa wameonyesha kwamba mambo yaliyoitwa uasherati yalihusu pia nani ana mtumbwi.

Sangara waliendelea kupungua ukubwa, na serikali ikaamua kutumia nguvu. Chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni za 2009, ni kosa kumvua sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50, na makokoro na nyavu za uzi mmoja wa plastiki ziitwazo timba ni marufuku. Januari 2018 Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ikiongozwa na Luhaga Mpina, ilianzisha Operesheni Sangara. Vikosi vilipita mwalo kwa mwalo. Nyavu zilirundikwa na kuchomwa moto, mitumbwi ikakamatwa, viwanda na wafanyabiashara wakapigwa faini, na abiria mwenye samaki wachanga kwenye mfuko alijieleza barabarani. Wizara ilitangaza mafanikio. Wabunge wa kanda ya ziwa walilalamika bungeni kwamba watu wao wanafilisiwa.

Mwandishi, ambaye wakati huo alikuwa ameacha ukarani na kuhamia kazi ya kalamu mjini, aliwatembelea waliokuwa wenzake. Mmoja, naye sasa akiwa tajiri mdogo, alikuwa amechomewa kokoro ambalo deni lake lilikuwa bado. Hakubisha kwamba kokoro linaua mazalia. Alilieleza hilo vizuri kuliko ofisa, jinsi linavyokokota mchanga na kung’oa majani wanakojificha samaki wachanga. Hoja yake ilikuwa nyingine. Wavu halali wa inchi sita unakamata kidogo, kwa kuwa wakubwa hawapo. Deni la injini halipimwi kwa inchi. Na kwa miaka yote halmashauri ilikuwa ikikusanya ushuru wa samaki hapo hapo mwaloni bila kumpimia mtu samaki kwa rula. “Kaka, kama samaki wangu ni haramu,” aliuliza, “ushuru wake ulikuwa halali vipi?”

Lilikuwa swali la kisheria kabisa, na lingewapa taabu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi. Moto ulipozimika, nyavu zilirudi polepole, kwa sababu waliozikopesha hawakuchomewa kitu. Kilele cha bei ya bondo kilikuwa kinavuta upande mwingine pia: mnunuzi wake anataka samaki mkubwa, yule mzazi hasa ambaye ziwa linamhitaji zaidi. Kanuni inamlinda mtoto, soko linamwinda mama.

Sasa kinachozungumzwa zaidi Mwanza ni vizimba. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini hapo ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo isiyo na riba, na ukisafiri kwa boti kandokando ya Ilemela utaviona vimeelea safu kwa safu. Ndani hufugwa sato, kwa sababu sangara angewala wenzake. Kwenye kizimba hakuna anayehitaji kukatazwa kuvua samaki mchanga. Samaki yule ana mwenyewe, na mwenyewe anajua kila gramu itakayoongezeka ni yake. Waliochelewa kufikiwa ni wale wa visiwani, wanaohama na samaki. Mkopo huja kwa kikundi chenye katiba, akaunti na barua ya serikali ya mtaa, na mtu wa kambi mara nyingi hana hata mtaa.

Yule mwenye kokoro lililochomwa alipata nafasi katika kikundi cha watu kumi, watatu wao wanawake. Baadaye alimwita Karani wa zamani aje awasaidie hesabu. Chakula cha samaki ndicho kilichokuwa kikila fedha zao. Mfuko ulikuwa umepanda bei, na sato walikuwa hawajafika uzito ambao mahoteli yaliutaka. Wazee wa kikundi walitaka kusubiri. Mama mmoja alisema Januari inakuja na shule hazisubiri, na kwamba sokoni Kirumba sato mdogo anauzika kwa mafungu bila matata. Mwingine akasema wakiuza sasa hawatamaliza mkopo. Karani aliwapigia hesabu zote mbili kwenye ubao, hasara na faida, akaweka chaki chini. Wakabishana hadi saa saba mchana, wakapiga kura ya mikono, wakauza nusu.